Sahihi Iliyokuja kwa Faksi

Shamba la Katito tulimoishi lilikuwa kwa jina la baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa amelazwa Nairobi akingoja kupasuliwa, na alikuwa amekubali kumwachia mama sehemu yenye nyumba na kaburi. Ilibaki sahihi yake tu. Bodi ya Ardhi ilikaa mara moja kwa mwezi, na zamu yetu ilikuwa siku ile ile faksi ilipokuja, saa nane mchana.

Karani wa bodi alikuwa ameniambia, "Faksi tutakubali, bora sahihi ionekane." Sikumwamini. Sahihi ya kupita kwenye waya wa simu niliiona kama salamu za kutumiwa tu. Lakini saa tatu asubuhi ilitoka kwenye mashine ya duka la simu pale Kisumu, imetetemeka, ila ni yake kabisa. Nilitaka kulia.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Mama alikuwa ametoka Dunga kuuza samaki, mikono bado imeloa, naye akaogopa hata kuigusa ile karatasi laini. Kwetu karatasi ya maana haiachwi hivihivi. Cheti cha shule, cha ubatizo, vyote tunavifunika plastiki kwa mashine. Nikakimbia nayo kwa fundi wa kazi hiyo, mama nyuma yangu, najiona mwerevu.

Iliingia nyeupe ikatoka nyeusi tii, kama sufuria ya kuni.

"Sista, hii karatasi ya faksi haitaki moto," fundi alisema. "Si ungeniambia kwanza!"

Mama akaigeuza. "Nyathina, mwanangu, iko wapi jina ya shemeji?"

Nilirudi mbio kwenye duka la simu nikampigia mtoto wa baba mkubwa ofisini kwake Nairobi. Ndiye aliyetuma, na karatasi yenyewe alikuwa nayo.

"Tuma tena, tafadhali. Yetu imeharibika."

Yeye akauliza polepole, "Imeharibika kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ngojeni hapo."

Tulingoja kando ya mashine ile hadi saa nane ikapita. Kila ilipolia nilisimama, na kila mara ilikuwa ya mtu mwingine. Wiki hiyo baba mkubwa alipasuliwa, hakuamka. Kabla mwaka haujaisha mwanawe aliuza shamba lote, na mama akahamia chumba cha kupanga Obunga.

Watu hunipa pole kwa ile karatasi. Karatasi nilishaisamehe. Kinachoniuma ni lile "kabisa" nililomjibu haraka vile, wakati ningeweza kumwambia bado tunayo, ila atume nyingine iliyo safi zaidi.