Taa ya Duara, Kiti Kirefu

Sibebi abiria. Neno hili nimelisema hapa Nzuguni mpaka limenichosha mdomo. Natoka asubuhi kwenda kazini Mtumba, nimevaa helmeti na koti zito la kuzuia upepo wa Dodoma, na mtu aliyesimama na mfuko wake wa unga ananipungia: "Boda! Boda, nipeleke stendi!" Nikisimama nikafungua kioo, akaona ni mwanamke mtu mzima mwenye wanja, anashtuka. "Ee, samahani mama." Samahani ya nini sasa? Namwambia sibebi abiria, naondoka zangu.

Pikipiki yenyewe ni mpya kabisa, ila imetengenezwa kwa sura ya zamani: taa ya mbele ya duara, tangi la mviringo, magurudumu ya spoki, na kiti kirefu kilichonyooka, cha watu wawili. Nilihangaika sana kabla sijaichagua, na sikuhangaika peke yangu. Nilihangaika na baba.

Baba alikuwa bwana shamba. Ujana wake wote uliishia juu ya pikipiki ya serikali, akizunguka vijiji vya Kondoa na Chemba kuwafundisha watu kupanda mtama kwa mistari. Akirudi jioni tulimsikia kabla hatujamwona. Mdogo wangu wa kiume alipakiwa mbele, juu ya tangi, akazungushwa mtaa mzima. Mimi nilipewa kitambaa nifute vumbi. Sasa baba ni mzee, mguu mmoja unamsumbua, bado anaishi kule kule Kondoa. Nilipompigia simu kumwambia nataka pikipiki ya kwendea kazini na ya kutembelea nchi siku za mapumziko, nilijua atanikemea. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Taa yake ya mraba au ya duara?"

Basi tukaanza. Kila jioni simu. Nilimwambia kuna zile ndefu za safari za mbali, zimejaa plastiki na masanduku ubavuni. "Ikikuangukia mchangani utainyanyua?" Nikasema thubutu. "Basi achana nayo." Nilimwambia kuna nyingine nyekundu, ya kizamani, nyepesi, lakini kiti chake cha mtu mmoja. Hiyo niliipenda, niseme kweli. Niliikalia dukani, miguu yote miwili ikagusa chini, usukani ukanijia wenyewe mikononi. Muuzaji akaniuliza mume wangu anapenda rangi gani. Nikamwambia mnunuzi ndiye huyu unayeongea naye, na nimeuliza habari za breki, sijauliza habari za rangi. Akaenda kunionyesha skuta.

Ile nyekundu ningeichukua siku ile ile. Baba ndiye aliyesema, "Tafuta yenye kiti kirefu, mwanangu. Na mimi nije nipande. Unizungushe Kondoa, wanione."

Wanione! Hilo ndilo neno lililonimaliza. Miaka yote ile nimeshika kitambaa cha vumbi, leo baba anataka kupakiwa na mimi, mjini, mchana kweupe. Nikaiacha nyekundu. Nikachukua hii ya kijani, nzito kuliko nilivyotaka, breki ya nyuma haina ukali, na tangi dogo, ukienda mbali lazima uwaze mafuta. Lakini kiti chake kirefu.

Idd ilipofika nikaondoka nayo kwenda Kondoa. Uwanda ule upepo wake unakusukuma ubavuni mpaka unaendesha umeinama. Nilipita Msalato, nikanywa chai Chemba, na wazee wa mnadani wakaizunguka pikipiki na fimbo zao wakiikagua kama ng'ombe wa kununua. Nikaingia Kondoa napiga honi utadhani nimebeba bibi harusi.

Baba alitoka nje. Aliizunguka, akaipapasa taa, akakipiga kiti kofi. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo yenyewe." Macho yalimlowa, na mimi yakanilowa.

Kwetu chombo kipya hakitumiki hivi hivi, kinasomewa dua. Alasiri maalimu akaja na wazee wa msikitini, mkeka ukatandikwa, ubani ukachomwa, pikipiki yangu ikasimamishwa mbele yao. Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu, nageuza pilau. Hilo halikunisumbua, ndivyo tunavyofanya, na ukutani kuna matundu, kila kitu unasikia. Nikamsikia maalimu akiuliza, "Chombo hiki cha nani, tumtaje kwenye dua?"

Nikasimamisha mwiko. Na baba, baba yangu wa simu za kila jioni, akajibu: "Cha mwanangu huyu hapa, wa Dar es Salaam. Kaniletea sikukuu."

Mdogo wangu! Aliyekuja kwa basi jana yake na begi la mgongoni. Hajui hata klachi iko mkono upi. Nilichungulia nikamwona ameinamisha kichwa, amekinga viganja, anapokea. Wakamwombea safari njema. Wakamwombea ajali zimwepuke. Wakaitikia amina, na wanawake walionizunguka wakaitikia amina, na shangazi akanigusa kiwiko: "Itikia basi, si ndugu yako?" Pilau ikashika chini. Wakaila hivyo hivyo, na sikumwomba mtu radhi.

Baadaye mdogo wangu alinifuata jikoni. "Dada, usijali. Si unamjua mzee." Namjua. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Hawakusema anayekujua afanywe nini.

Asubuhi yake, nikifunga mzigo niondoke, baba akaja kusimama karibu na pikipiki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana walimwombea nani?"

Akatazama pembeni. "Mungu anamjua mwenye chombo."

"Mungu anamjua. Maalimu je?"

"Sasa ningesemaje mbele za watu? Kwamba binti yangu ndiye mwanamume wa nyumba hii?"

"Ungesema kweli, baba. Basi."

Alikuwa anakipapasa kile kiti. Nilikuwa na hasira, lakini nilipouona ule mkono unavyopapasa nikalegea. "Haya panda," nikamwambia. "Nikuzungushe wakuone, kama ulivyotaka."

Akaitazama barabara. Watu walikuwa wanapita kwenda sokoni. "Wewe tangulia," akasema kwa sauti ya chini. "Nisubiri kule nje ya mji, nyumba zinapoishia. Nitakuja kwa miguu."

Kwa miguu! Na mguu ule! Ningekuwa na akili ningeelekea Dodoma. Nilimsubiri. Alikuja taratibu na fimbo yake, anahema, kanzu ya sikukuu imeshika vumbi chini. Nikamshika mkono akapanda, akaweka fimbo mapajani. Tukaifuata njia ya vumbi inayopita katikati ya mashamba.

"Ongeza," akaniambia sikioni. Nikaongeza. Akacheka. Sikuwa nimemsikia baba akicheka vile tangu mama alipofariki. Akanionyesha korongo alimowahi kuanguka, na nyumba alikolazwa mvua ilipomkatia njia, akanionyesha na mti aliofungia pikipiki kwa kamba mafuriko yasiichukue. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, umetulia. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha, nimesamehe.

"Punguza," akasema. "Simama. Nishushe."

Mbele yetu alikuwa anakuja mzee mmoja anakokota baiskeli, rafiki yake wa kijiji cha pili, ambaye kwenye dua hakuwepo. Baba alishuka haraka kuliko nilivyojua mguu ule unaweza. Wakasalimiana, wakapeana mkono wa Idd. Kisha yule mzee akanigeukia, mimi na helmeti yangu na kioo kilichofungwa. "Umepata usafiri mzuri leo," akasema. "Kijana wa nani huyu?"

"Boda tu," baba akajibu. "Nimekodi."

Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa noti, akaikunja, akanishindilia kiganjani. "Asante, kijana. Wewe nenda, mimi nitarudi na mwenzangu."

Ningefungua kioo. Wanja wangu ungetosha kusema. Lakini nilimwona macho yake, yananisihi, na kidole changu kikagoma. Nikaipokea noti, nikageuza pikipiki.

Sikusimama Chemba. Kiti kilikuwa kitupu nyuma yangu njia nzima, na dua yangu ilikuwa inapanda basi la Dar na mdogo wangu. Nilipoingia Nzuguni, mama mmoja mwenye vifurushi akanipungia. "Boda! Boda!"

Nikapita. Ningemwambiaje sibebi abiria, na nauli ya baba iko mfukoni?