Maharage ya Verdiana Hayaingoji Tumbaku

Verdiana aliolewa Kabungu akitokea Usevya, na tangu siku hiyo mikono yake ilikuwa mali ya tumbaku. Kumwagilia miche, kuchuma majani, kusomba kuni za kukaushia. Tumbaku ilikuwa zao la mwenye nyumba, yaani mumewe, Anselmo. Maharage yalikuwa mboga tu, kitu cha mwanamke kujipandia pembeni akipata nafasi. Nafasi yenyewe haikupatikana.

Msimu huu aliitafuta kwa nguvu. Alimpeleka mbuzi wake hadi Katumba kubadilishana, akabishana mpaka mwenye mbegu akachoka, akarudi na mbegu ya maharage na jembe la nyongeza. Akalima nyuma ya kichuguu, akapanda na mvua za mwisho.

Maharage yakakauka wiki ileile ya kuchambua tumbaku.

"Kesho wote bani, kwenye banda la tumbaku," Anselmo alisema wakila ugali. "Soko limekaribia, na wewe ndiye mwenye jicho la kutenga madaraja ya majani."

"Kesho nang'oa maharage, Baba Evaline. Kina Romana wanakuja, tunasaidiana kwa zamu. Zamu yangu ikipita, ni ya Specioza."

"Yatangoja. Mboga hizo."

"Tumbaku iko ndani, haiendi popote. Maharage yakipigwa jua zaidi, nitadonoa punje chini kama kuku."

"Na vibarua nani atawapikia?"

"Aliyewaita."

Alfajiri akatoka. Maharage makavu hung'olewa umande ukiwa bado kwenye maganda. Jua likishika, ukiyagusa tu yanapasuka. Wanawake wa zamu waling'oa kwa haraka, wakirundika kwenye turubai. Jua lilipopanda, nusu ya shamba ilikuwa imebaki. Wakaacha, mpaka kesho.

Ndipo Anselmo akatokea na mdogo wake, Danford.

"Mmekaa?" Danford akashangaa. "Hii si kazi ya dakika chache? Tumalize, shemeji, twende bani."

Akaingia shambani, akashika shina, akavuta. Pa! Pa! Punje zikaruka huku na huku. Akavuta jingine. Romana akapiga yowe kama aliyeona nyoka.

Verdiana akamdaka mkono. "Toka."

"Nakusaidia!"

"Unanimwagia. Toka, shemeji."

"Shamba la kaka yangu hili."

"Ardhi ni ya kaka yako. Maharage ni ya mbuzi wangu. Toka kabla sijakutoa mbele ya hawa."

Danford alimtazama kaka yake. Anselmo alikuwa anatazama punje zilizotapakaa kwenye udongo.

"Mama Evaline," akasema hatimaye, "basi mchana njoo bani. Nakuomba."

Aliposikia nakuomba, Verdiana akajua mumewe ndiye mwenye shida, kama mnunuzi aliyebanwa. Alijikung'uta udongo kwanza.

"Nitakuja. Nikikupa siku bani, unanipa siku ya kupura."

"Mimi? Nipure maharage na wanawake?"

"Au kachambue tumbaku na Danford."

Wanawake wakaangua kicheko. Kijiji kizima kilijua Danford aliwahi kuchanganya majani mabovu na mazuri, robota zima likarudishwa nyumbani kutoka sokoni.

"Haya," Anselmo akasema. "Siku kwa siku."

"Na kesho alfajiri unakuja kung'oa. Hiyo ni ya zile alizomwaga mdogo wako."

"Wewe mwanamke!"

"Unakuja, huji?"

Mchana huo Verdiana alikuwa bani, akitenga majani kwa madaraja. Vibarua walikula viazi alivyochemsha Danford, na walinung'unika sana.

Kesho yake, umande ungali mzito, Anselmo akafika shambani amejifunika koti, asitake kutazamwa.

"Karibu, shemeji!" Romana akamkaribisha. "Shika chini kabisa kwenye shina. Siyo hivyo, hizo siyo kuni!"

Anselmo akainama, akang'oa mstari wake mpaka mwisho. Jua lilipochomoza shamba lilikuwa jeupe. Akanyoosha mgongo, akamtazama mkewe kama anayengoja neno.

Verdiana alimwonyesha rundo kubwa lililobaki kando ya kichuguu.

"Lile nalo libebe," akasema. "Tunapuria nyumbani."