Nilimtaja Aliyenipa Siku za Moshi

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, silikani. Nilimuuza rafiki yangu kwa ajili ya kusifiwa, nami nikauzwa papo hapo. Kila nikimlaani aliyeniuza, nafsi huniuliza: na wewe je?

Miaka ya themanini ikiishia, nilikuwa karani wa ofisi ndogo ya kupima hewa, Changamwe. Kila asubuhi nilitoa karatasi nyeupe kwenye mashine ya kuvuta hewa, tukaipima uzito tujue lile vumbi jembamba lisiloonekana kwa jicho limezidi kiasi gani. Mkubwa wangu hutazama upepo, akakisia ya kesho, nami nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa zahanati: kesho hewa nzito, wenye pumu wasitoke. Au: kesho hewa safi.

Lo, tulivyokuwa tukikosea! "Nyinyi mwapiga ramli tu," mama yangu alinicheka, na mwenye pumu ni yeye. Kifua chake kilijua kabla ya mashine.

Rafiki yangu, nitamwita Athumani ingawa si jina lake, alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha jirani. Tumesoma chuo kimoja, tumekula sinia moja. Siku moja alimkuta mama ameinama, mikono magotini, anahema hata salamu hawezi kuitikia. Akanivuta uani.

"Hamtapatia, hata mpime mpaka kiyama," akasema. "Mifuko ya kuchujia vumbi ikiziba, sisi huufungulia moshi ukatoka vivi hivi. Siku zenyewe hupangwa mapema, nami nazijua. Nitakwambia, kwa ajili ya mama. Lakini wallahi, jina langu lisitoke kinywani mwako. Nina watoto."

"Halitoki," nikasema. Tukapeana mkono.

Basi ubao ukaanza kusema kweli! Mkubwa akikisia hewa safi, mimi humwambia, "Hapana bwana, kesho nzito," na kweli ikawa nzito. Watu wakawa wanapitia zahanati kuusoma kabla ya kwenda sokoni. Mama akapata kulala.

Mkubwa akaniita, akaniagizia chai na mahamri. "Nikiandika ripoti wataniuliza umejuaje," akasema. "Niambie mimi tu. Mimi na wewe ni ndugu, litabaki hapa hapa."

Jamani, sifa! Kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilimtaja Athumani, jina lake na la babake.

Wiki haikuisha, Athumani akafukuzwa kazi. Mkubwa alikwenda mwenyewe kwa meneja wa kiwanda akamweleza yote. Nilipomuuliza, hakuinua hata macho. "Mimi sikukuahidi kitu," akanijibu. Baadaye akapandishwa cheo, akahamia Nairobi, na kwenye ripoti jina lilikuwa lake peke yake. Msaliti yule! Niliumia mpaka chakula kikanishinda.

Nilimwendea Athumani kwake. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akafunga mlango.

Kiwanda nacho kikabadilisha siku zake, ubao ukarudia ramli. Nami kwa kiburi nikaendelea kuandika kana kwamba najua. Mama akaniuliza kama aende Jomvu Kuu, harusini kwa mpwa wake. "Nenda mama, kesho hewa safi," nikamwambia.

Alianguka njiani. Aliyemwokota akamkimbiza zahanati kwa mkokoteni wa maji alikuwa Athumani. Kuuza maji ndiyo kazi aliyobaki nayo baada ya mdomo wangu.

Mama alipona. Kila mara akaniuliza, "Mwanangu Athumani mbona haji? Mwite nimshukuru." Nikamjibu ana shughuli nyingi. Miaka ikapita, mama akafa hajui. Siku ya mazishi Athumani alikuja, akashika jeneza. Nilimpa salamu akaitikia, kwa kuwa dini inamlazimu. Kisha akaenda zake.

Enyi mnaonisoma, mtu akikupa siri kwa kumhurumia mzazi wako, ufe nayo kifuani! Usimpe mkubwa hata akulishe asali. Anayekubembeleza akisema "niambie mimi tu", huyo mkimbie. Mimi nilikaa, nikamaliza na mahamri yake.