Binti Yangu, Mtetezi wa Lugha Yetu

Binti yangu hufundisha walimu wasizidharau lugha za watoto. Ndiyo kazi yake. Gari jeupe la chuo humchukua asubuhi na kumshusha mbele ya kumbi zenye viti vya plastiki, na humo wanaosomea ualimu humwita Mkufunzi. Anawaambia kwamba mtoto akija shuleni na lugha ya kwao, asikemewe. Mwalimu aanzie hapohapo, kwenye lugha ile, kisha amvushe polepole hadi lugha ya shule. Nimemsikia kwa masikio yangu. Anazungumza vizuri. Ukimsikiliza utatamani kulia, na watu hulia kweli.

Mimi ni mama yake. Nataka kumweleza alivyo, kwa sababu wengine wote wanaomweleza wanamsifu tu.

Nilimlea peke yangu. Baba yake alikwenda kutafuta kazi, akapata kazi na mke kwa mpigo mmoja. Mimi nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Binti yangu akitoka shule alikuja moja kwa moja uani, akapindua ndoo, akakaa, akanishikia vibanio huku naanika. Nilimpa hadithi zote za marehemu mama yangu, kwa lugha yetu. Aliyoipenda kuliko zote ni ya Chura aliyealika wageni.

Chura anasifia nyumba yake kila anapopita. Wageni wanajipamba, Jogoo anapaka kilemba chake mafuta, Mbuzi anafunga tai. Wanafika, kumbe nyumba ni dimbwi. Kwa heshima wanaingia hivyo hivyo. Maji yanamfika Mbuzi shingoni, tai inaelea, naye Chura anamwambia, "Kaa bwana, mbona umesimama kama mgeni?"

Basi hapo binti yangu alikuwa anaanguka kwa kicheko pamoja na ndoo yake. Vibanio vyote kwenye tope. Siku moja aliangukia shuka lililokwisha kauka, nikalifua upya, na hata sikuweza kumgombeza kwa sababu na mimi mbavu zilikuwa zinaniuma.

Nilimwambia na jambo langu jingine, la mama na mwana, la kubaki pale uani. Nilimwambia kwa nini sikusoma.

Nilipopelekwa shule sikujua neno hata moja la lugha ya shule. Mwalimu alikuwa mtu wa mbali, na ya kwetu hakuijua. Aliniuliza jina, nikamtazama. Akaniuliza tena, nikamtazama tena. Siku nyingine akaja nyuma yangu akapiga dawati kwa rungu la kugongea kengele, nikaruka. Akaona basi, huyu masikio anayo, asichokuwa nacho ni ulimi. Akamwita mama yangu akamweleza kwamba mtoto wake ni bubu na darasa lake halina nafasi ya bubu. Mama naye hakuelewa hata kidogo alichoambiwa. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Aliyekuja kututafsiria ni jirani, tena siku kadhaa baadaye, akicheka. Tangu hapo nikaitwa Bubu, mimi niliyewashinda ndugu zangu wote kwa domo. Hadi leo nikienda kwetu watu wananipigia kelele toka mbali, "Bubu, umeamkaje?" Herufi nilizijua ukubwani, nikimsimamia binti yangu afanye kazi zake za shule.

Yeye alisoma. Akasoma mpaka akafika kwenye masomo ya jinsi ya kuwafundisha watoto wenye lugha tofauti. Nilipoambiwa kuna masomo ya namna hiyo nilikaa chini. Nikajisemea, kumbe kisa changu kimezaa kitu.

Aliolewa na mhasibu, mtu mpole, wa lugha nyingine kabisa. Nyumbani kwao wanatumia lugha ya shule, mume, mke na mtoto wao mmoja, msichana. Mgongo wangu ulipokataa kuinamia karai, binti yangu alikuja kunichukua.

"Mama, njoo ukae na mjukuu wako. Mimi niko njiani kila wakati."

Nilifungasha siku hiyo hiyo. Nisiseme uongo, sikufuata kitanda kizuri wala bomba la ndani. Nilimfuata mtoto. Lugha ya shule naijua ya kuokoteza kwa wageni wa ile nyumba, ya "shuka hili lina doa" na "sabuni imekwisha." Kwa lugha hiyo naweza kumwuliza mtoto kama amekula. Siwezi kumchekesha. Nami nilitaka nimchekeshe na Chura wangu kabla sijafa, nione kama ataanguka kama mama yake.

Nikaanza naye pole pole. Maji. Njoo. Paka. Kaa hapa. Mtoto alikuwa mwepesi ajabu. Tulikuwa tukikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, yeye anaonyesha kitu kwa kidole, mimi nakitaja, yeye anakirudia akiwa amekaza macho. Baada ya muda akawa ananiagiza mimi. "Bibi, njoo. Bibi, kaa." Nikawa nakaa. Nikahesabu kwamba bado kidogo tu, tutafika kwa Chura.

Siku moja mezani mkwe wangu akaweka kijiko chini taratibu.

"Mama, tunashukuru sana unavyotuangalizia mtoto. Ila mwalimu wake amepiga simu. Anasema mtoto ameanza kuchanganya. Kaulizwa kitu darasani, kajibu kwa... kwa ile lugha yenu."

"Kajibu sawa au kakosea?" nikauliza.

Mkwe akamtazama mkewe. "Hilo hatukuuliza."

Binti yangu akaingilia. "Mama, ni kwa muda tu. Ana usaili wa kuingia ile shule nzuri. Lugha ya shule ikishakaa vizuri, hiyo nyingine itakuja yenyewe."

"Itakuja na nini? Na basi?"

Mkwe akacheka, kisha akajirudi, akashika glasi ya maji.

"Wewe si ndiye unayewaambia walimu waanzie kwenye lugha ya nyumbani?" nikamwuliza binti yangu. "Au huko unasema na hapa unasahau?"

"Mama, wale ni watoto wasio na kitu kingine. Huyu hali yake ni tofauti."

"Tofauti gani?"

"Huyu ana nafasi."

Siku hiyo nililistahili jina langu la Bubu. Nilimaliza chakula changu, nikakusanya sahani, na kesho yake mtoto aliponionyesha paka nikamtajia kwa lugha ya shule, kwa matamshi yangu ya kufulia mashuka. Akanisahihisha. "Bibi, hatusemi hivyo." Akarudia mwenyewe, vizuri, kama mwalimu.

Alisahau haraka kama alivyojifunza. Neno la maji ndilo lililokuwa la mwisho kutoka. Siku moja nilimwambia anipe maji, kwa lugha yetu, kwa bahati mbaya tu, akanitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama yule mwalimu. Nilikwenda kuyachota mwenyewe.

Ndipo chuo kikaamua kutoa vitabu vya kusomea vya lugha za nyumbani, na lugha yetu ikawemo. Binti yangu akanijia jikoni, mikono ameiweka nyuma kama alipokuwa mdogo akitaka kitu.

"Mama, zile hadithi za bibi. Hakuna mwingine anayezijua zote. Njoo chuoni tukurekodi."

"Sina hadithi. Mimi nina kilugha tu, kinachowachanganya watoto."

"Mama, jamani."

"Jamani nini? Mnazitaka hadithi, wenye kuzisikiliza hamwataki. Mimi nazitoa zote, mpaka ya mwisho. Lakini mjukuu wangu azipate. Hilo tu. Sitaki asante wala soda."

Akanikumbatia palepale kwenye sinki, mikono yangu ikiwa na povu. "Nakuahidi. Kitabu kikitoka, wa kwanza kukisoma atakuwa mwanangu. Kabla ya mtoto mwingine yeyote."

Nilimwamini. Ni mwanangu, ningefanyaje?

Siku ya kurekodi ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi wa ualimu, vijana wa kila upande. Walinikalisha mbele, wakanibana kipaza sauti kwenye ukosi. Nilidhani nitaanza moja kwa moja na hadithi. Kumbe binti yangu ana utangulizi wake.

"Nitaanza na kisa," akasema. "Kulikuwa na msichana mmoja aliyeitwa Bubu."

Alikieleza chote. Dawati, rungu, mama yangu akiitikia kwa kichwa. Alijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kushusha sauti, na nikaelewa kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kisa kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, kimepita kumbi zote hizo. Mwishoni akaninyooshea mkono. "Na leo tunaye hapa." Shingo zote zikageuka. Wakasimama, wakapiga makofi. Msichana mmoja akaja mbele na machozi yake, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Lugha ni haki ya kila mtoto."

"Asante," nikamwambia. Ningesema nini?

Kisha nikatoa hadithi. Nilizitoa mpaka koo likakauka, na walioijua lugha yetu walicheka mahali pa kucheka, angalau hilo. Nyuma nikamsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Bubu gani huyu, anaongea kuliko redio." Angenitania hivyo kwetu ningemrudishia, tungecheka wote. Pale niliangalia tu viatu vyangu.

Tukiwa kwenye gari nikamwambia binti yangu, "Ungeniuliza kwanza."

"Kukuuliza nini?"

"Kama nataka kuitwa Bubu mbele ya watu nisiowajua."

"Mama, watu walilia! Umeona mwenyewe. Kisa chako kinabadilisha walimu."

"Waliolia hawakufukuzwa shule. Na wewe unayekisema, mwanao humruhusu hata neno maji."

Dereva akaongeza sauti ya redio. Binti yangu akageukia dirisha. Akasema, bila kunitazama, "Nilikuahidi kitabu. Nitatimiza."

Na alitimiza. Mimi siwezi kusema hakutimiza.

Kitabu kililetwa Jumamosi mchana, bado kinanuka wino. Chembamba, kina picha za rangi, na kwenye jalada Chura amekaa kwenye dimbwi lake na miguu ameipandanisha. Nilikishika, nikalipapasa lile jalada. Hadithi ya mama yangu, ambaye hakuwahi kushika kitabu. Kwa muda mfupi nilisamehe kila kitu, meza ile, ukumbi ule, vyote.

Binti yangu alimkalisha mtoto kwenye kochi, akamweka na mimi pembeni yake, akasogeza mto usionekane, akarudi nyuma na simu yake.

"Haya, msomee Bibi."

Mtoto akaanza. Herufi ni zilezile za shule, na yeye kusoma anajua, ameshafaulu usaili wake. Akayasoma maneno ya lugha yetu moja baada ya jingine, bila kukwama. Nilimsikia mama yangu akitoka kwenye kinywa kile kidogo. Jogoo akapaka kilemba mafuta. Mbuzi akafunga tai. Mtoto alikuwa akisoma kwa sauti moja, iliyonyooka, kama anayesoma namba za simu, lakini nikajiambia labda ni haya ya kurekodiwa, ngoja tufike dimbwini.

Tukafika dimbwini. Maji yakampanda Mbuzi, yakamfika shingoni. Nikajiweka tayari. Hata mkono niliupeleka nyuma ya mgongo wa mtoto, nimdake akianguka.

"Kaa bwana, mbona umesimama kama mgeni," akasoma mtoto, akafunua ukurasa.

Hakuna kilichotokea. Nikainua macho, na nikamwona binti yangu nyuma ya simu, midomo ameibana, mabega yanamtikisika kidogo. Alikuwa anacheka. Alikuwa amekumbuka. Tukatazamana hivyo, sisi wawili tuliojua, na katikati yetu mtoto akiendelea kusoma hadi nukta ya mwisho. Kisha binti yangu akashusha macho kwenye simu.

"Bibi, nimesoma vizuri?"

"Vizuri sana," nikamwambia, kwa lugha ya shule. "Na umeelewa?"

"Kuelewa nini?"

"Mama, usimchanganye," binti yangu akasema haraka. "Hatua ya kwanza ni kusoma. Na amesoma."

"Mwambie basi alichosema Chura. Wewe unajua. Mwambie wewe."

"Nitamwambia. Siyo sasa." Alikuwa ameshaketi kwenye mkono wa kochi, anaitazama ile picha aliyorekodi. "Imetoka safi sana, mama. Bibi na mjukuu. Jumatatu nitawaonyesha walimu."

Mtoto akaniwekea kitabu mapajani, akateremka, akaenda kuwasha televisheni. Kwenye simu sauti yake ikaanza tena tangu mwanzo, Jogoo, Mbuzi, dimbwi, na yeye mwenyewe yuko pale mbele yangu, amenipa mgongo, anacheka na katuni.