Majina Chini ya Magazeti

Harufu ya gazeti kuukuu lililolowa ni kali kidogo, kama uji uliosahaulika kikombeni, na ndani yake kuna moshi wa makaa, mafuta ya taa na udongo. Hiyo ndiyo harufu ya chumba nilichokulia, Soweto East, Kibera. Ukuta wa udongo hupukutika, vumbi likaingia kwenye chakula, kwa hiyo kila Desemba nyumba zote za ploti yetu zilikuwa na kazi moja: mama anachemsha unga wa ngano mpaka unakuwa gundi, watoto wanapaka, magazeti yanabandikwa ukuta mzima, mapya juu ya yale ya zamani. Ya chini hatukuyabandua. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala kitandani, nikisoma ukuta. Habari nyingine zilibandikwa kichwa chini, na hizo nilizisoma nikiwa nimening'iniza kichwa ukingoni mwa kitanda mpaka damu inanijaa usoni.

Nilikuwa darasa la saba Mwalimu Wafula alipokuja kutufundisha somo la jamii, sisi tuliliita Sosho. Shule yetu ilikuwa ya mabati, vitabu vya historia vilikuwa vitatu kwa darasa zima, na panya walikuwa wameshakula sura ya ukoloni. Mwalimu hakulalamika. Alisema kitabu ni maneno ya mtu aliyesimuliwa, lakini karatasi ya siku yenyewe, au mtu aliyekuwepo, huyo ndiye shahidi. Akatufundisha kumhoji shahidi: nani aliandika, lini, alikuwa anamwandikia nani, na ni kitu gani ameacha kusema. Kisha Ijumaa moja akatupa kazi ya nyumbani. "Mnalala ndani ya maktaba na hamjui," akasema. "Loweka ukuta kidogo, pahali pamoja tu, uinue gazeti polepole. Usirarue. Mniletee kitu kimoja mlichopata chini, na mseme kinatuambia nini juu ya watu waliokaa hapo." Otieno, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, "Na mwenye ploti akitufukuza, mwalimu, tukuje kulala kwako?" Tukacheka wote, mwalimu pia. Kazi bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, nami niliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakuwa mwalimu, au mtangazaji wa redio, au vyote viwili.

Jumamosi mama akaenda kufua nguo za watu, mimi nikabaki na kitambaa na beseni la maji. Nilichagua nyuma ya kitanda, pahali ambapo uharibifu usingeonekana. Safu ya kwanza ikainuka na picha za mpira. Ya pili ilikuwa na tangazo la mafuta ya kupikia, mama mnene akitabasamu na kikaango mkononi. Watoto wengine, nilikuja kujua, waliishia hapo. Mimi niliendelea, maana sikuwahi kujua kuacha kitu kinachonifurahisha. Chini kabisa nikakuta gazeti la Desemba ile ya uchaguzi, uchaguzi uliofuatwa na mapanga na moto mitaani, na juu ya nyuso za wagombea kulikuwa na mistari mitatu mifupi ya kalamu ya bluu, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na jina lake. Wambui. Kamau. Njoki. Pembeni mtu ameandika neno moja, Krismasi. Mtu alikuwa amewasimamisha watoto wake ukutani akawapima urefu. Nikasimama hapo hapo nijipime nao. Wambui alinifika sikioni. Njoki hakunifika hata kiunoni.

Sikuogopa, nilifurahi. Nilikuwa mtoto wa pekee na sasa nilikuwa nimepata watatu kwa mpigo. Nikawapa nyuso, nikampa Njoki pengo la jino. Mwalimu alisema shahidi wa karatasi atafutiwe shahidi wa mdomo, basi nikakimbia kwa Mama Zamzam, mama wa Kinubi mwenye ploti yetu, aliyekuwa mlangoni kwake akichambua mchele. "Hao ni watoto wa fundi wa viatu," akasema bila kuinua macho. "Watu wapole. Huyo mdogo alikuwa akinisalimia mara kumi kwa siku." Nikamuuliza walihamia wapi. Akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele, kisha akasema, "Hayo mengine muulize mamako. Mimi niliwapangisha chumba tu."

Mama alirudi saa kumi, vidole vimejikunja kwa sabuni. Aliuona ukuta, nikangoja kofi, halikuja. Aliketi kitandani. Akaniambia kwamba sisi hatukuwa watu wa Kibera. Tulikuwa na chumba Kawangware, upande wa Kabiro, na vita vilipoanza tulifukuzwa na watu wa kabila la watoto wale, tukatembea kwa miguu mpaka huku, mimi mgongoni, beseni kichwani. Na wiki hiyo hiyo, huku Kibera, watu wa kabila letu walikuwa wanawafukuza hawa.

"Tulipofika, kufuli ilikuwa imevunjwa," akasema. "Redio wezi walikuwa wameshabeba. Kitanda kilikuwa hapa. Na kwa jiko kulikuwa na sufuria, maharagwe na viazi, makaa yamezima. Ulikuwa umelia njaa tangu jana yake."

"Tukakula?"

"Wewe ulikula. Mimi nikamalizia."

Nilikuwa na miaka minne wakati huo, na maharagwe yale ndiyo kitu cha kwanza ninachokumbuka katika maisha yangu. Ubaridi wake, viazi vilivyopondeka ulimini, mama akinifuta mdomo kwa kanga. Nilikuwa nimeshaandika insha juu yake darasa la tano, chakula ambacho mama alinipikia siku tuliyohamia nyumba mpya, na nilikuwa nimepewa tiki kubwa nyekundu. Nikatazama sufuria iliyokuwa imefunikwa kando ya ndoo. Ilikuwa ile ile. Tuliipikia kila siku.

"Hiyo usipeleke shule, Akinyi," mama akasema. Hakupandisha sauti, mkono wake ulikuwa unalainisha shuka pahali ambapo hapakuwa na kunyanzi. "Ukisoma hiyo mbele ya wazazi, kesho wataanza kuuliza, kitanda ni ya nani, sufuria ni ya nani. Na wenyewe wakisikia, wakikuja? Mimi nimefukuzwa mara moja. Ya pili sitaweza." Kisha akainuka, akawasha jiko, akachemsha unga wa gundi.

Jumapili niliandika insha mbili. Moja ilikuwa na majina matatu, mistari ya bluu, maneno ya Mama Zamzam na maharagwe. Nyingine ilikuwa ya mama mnene wa mafuta ya kupikia. Jumatatu nilizibeba zote mbili, na mpaka Mwalimu Wafula alipofika kwenye dawati langu na kunyoosha mkono sikujua nitatoa ipi. Nilitoa ya mafuta. Aliisoma hapo hapo akiwa amesimama, akacheka pahali pa kuchekesha, kisha akatazama kucha zangu, ambazo zilikuwa bado na gundi iliyokauka. "Na chini ya hii, Akinyi? Hakukuwa na kitu?" Nikasema hakukuwa na kitu, mwalimu. Akaiweka insha yangu juu ya nyingine, akaenda kwa Otieno. Ile nyingine niliitumbukiza kwenye mtaro nikirudi nyumbani. Siku ya kufunga shule insha ya mafuta ilisomwa mbele ya wote, na mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa mama. Alipiga mpaka wengine walipoacha.

Miaka ilipita, tingatinga likaja kupitisha barabara, ploti yote ikalala chini asubuhi moja. Ukuta ule ulianguka na safu zake zote, mvua ikanyesha juu yake, ikawa matope kama matope mengine. Tukapata chumba Kawangware, Kabiro tena, na kitanda cha fundi wa viatu tukakipandisha kwenye mkokoteni tukaja nacho. Mama bado anakilalia. Mimi niliishia kidato cha nne, siku hizi nauza mitumba ya watoto pale stendi ya matatu ya 46, na bado ninaota mchana, mtu akinunua soksi moja namwona ameshanunua duka zima. Akija mteja aliyenizidi miaka michache akaniambia anaitwa Wambui, namuuliza alikulia wapi. Mmoja alisema Nyeri. Mwingine alicheka, akaniuliza, "Kwani wewe ni polisi?" Huenda mwenyewe yuko mitaa miwili kutoka hapa. Huenda hayuko popote.

Mwezi uliopita Nyambura, mtoto wa jirani yangu, alikuja na daftari. Siku hizi kazi kama ile ya Mwalimu Wafula hutolewa shule nyingi: wameambiwa watafute mtu aliyeishi mtaani zamani, wamhoji, waandike. Nilicheka kuitwa mtu wa zamani, kisha nikamwambia yote, na majina nikamtajia. Aliandika kurasa mbili, ulimi nje. Jioni mamake aliziona. Yeye ni mama mboga, rafiki yangu wa kweli, ameshanilishia mama yangu alipougua. Alisoma mpaka mwisho, akatoa zile kurasa taratibu asiharibu daftari, akazikunja akaziweka mfukoni mwa aproni.

"Akinyi, sijasema ni uongo," akasema. "Lakini kura inakaribia, na mtoto atasimama asome hii mbele ya watu."

Sikubishana naye. Nyambura alikuwa amekaa na kalamu, akinitazama. "Sasa anti, niandike nini?" Nikamwambia aandike juu ya soko, lilivyoanza na wanawake wachache na magunia yao barabarani, na mamake akaongeza habari ya nyanya na mvua, tukacheka, ikawa insha nzuri. Alipata alama zote, akakimbia kuja kunionyesha. Mimi, enzi zangu, nilidanganya mwenyewe, kwa mkono wangu, na nilijua ninachokificha. Nyambura hakuhitaji kudanganya. Tulimfanyia sisi wakubwa wawili, mmoja kila upande wake, tukimsahihishia herufi.