Mlimau wa Pipani

Kwa mujibu wa fomu ya kuhesabu miti, kichochoro chetu cha Mji wa Kale hakina mti hata mmoja. Najua, kwa sababu ilijazwa mlangoni pangu.

Afisa alikuja adhuhuri. Jua lilikuwa kali, akakimbilia kuketi barazani kwetu, nikampa maji. Akaniambia, "Mama, hapa nitaandika hakuna."

Nikamwonyesha mlimau wangu pale kando ya baraza, unaokaribia dirisha la ghorofani. Akasema hauhesabiki maana umo ndani ya pipa, na fomu inataka mti uliopandwa ardhini.

Ardhi gani? Nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta, na njia ni saruji mpaka vizingitini. Mtaa wa Kizingo, kwenye nyua za wakubwa, ardhi ipo, na lori la maji hupita kunyweshea miche ya kando ya barabara. Huku kwetu maji ya mfereji yakikatika, mlimau wangu hunywa maji niliyooshea mchele, na mirehani iliyo kwenye mikebe ya samli hunywa yanayobaki. Hakuna bibi harusi wa kichochoro hiki aliyekosa kikuba cha kunukia kifuani, wala kaburi lililokosa tawi la mrehani. Yote hayo yametoka mikebeni.

"Si mimi, mama, ni fomu," akasema, akaiweka gotini aandike.

"Basi inuka," nikamwambia. "Nenda kaandikie kule juani. Kivuli ulichokalia ni cha mti usiokuwapo."