Mhudumu wa Vyumba Aliyeelewa "Pini na Sindano"

Saa tatu asubuhi, Shangazi anasukuma toroli la mashuka kwenye korido ya ghorofa ya tatu. Anagonga mlango, anasikiliza, anagonga tena. Ana vyumba kumi na vinne vya kumaliza kabla ya saa nane.

"Jana mgeni kaniambia yuko kwenye boti moja na mimi," anasema huku akivuta shuka. "Boti gani, nasi tuko ghorofani! Kumbe ana maana yaliyonikuta mimi na yeye yamemkuta."

Shangazi, kama wenzake wanavyomwita, ana miaka arobaini na sita na aliishia darasa la saba. Kiingereza amekiokota humu humu hotelini. Maneno hayakumsumbua sana. Misemo ndiyo iliyomtoa jasho.

Miaka sita iliyopita, mgeni mmoja alimwambia kwa Kiingereza yuko "chini ya hali ya hewa". Shangazi akafunga dirisha, akazima kiyoyozi, akaenda zake. Kumbe mtu alikuwa mgonjwa, akashinda kutwa nzima bila hata maji.

"Niliona haya mpaka basi," anasema. "Mtu ananiambia anaumwa, mimi nahangaika na madirisha."

Tangu hapo, kila msemo unaomshinda humuuliza msemaji mwenyewe. Wenzake walimcheka hadi mbavu zikauma. "Nikapiga moyo konde," anasema. "Si hata sisi tunasema hivyo? Nani amewahi kuona hiyo ngumi?"

Kicheko kilikatika mwaka jana. Bibi mmoja, mgeni aliyesafiri peke yake, alimlalamikia mhudumu mmoja anayefanya kazi na Shangazi kwamba ana "pini na sindano" mkono mzima wa kushoto. Mhudumu huyo akakung'uta mashuka, akageuza godoro, akapekua hadi uvunguni. Hakuona kitu. Akamwita Shangazi aje kusaidia kutafuta.

"Sindano gani, dada? Mkono umemfa ganzi!" Shangazi akamaka. "Mtazame mdomo, umekwenda upande. Kimbia mapokezi, waite gari la wagonjwa!"

Kilikuwa kiharusi. Daktari aliwaambia kuwa wangekawia kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine. Wiki tatu baadaye bibi alitoka hospitalini kwa miguu yake, akiegemea mkongojo.

"Mimi ningeendelea kutafuta sindano mpaka jioni," anakiri yule mwenzake. "Simcheki tena. Siku hizi namuuliza."

Si yeye peke yake. Kila Alhamisi baada ya zamu, wahudumu saba hukaa juu ya mafurushi ya taulo katika stoo ya mashuka, na Shangazi huwafafanulia misemo ya wiki.

Mwezi ujao atafanyiwa usaili wa kazi ya mapokezi. Binti yake humsikiliza akifanya mazoezi kila jioni.

"Roho inanidunda, sikufichi," anasema Shangazi, akikunja ncha ya shuka la mwisho. "Lakini nataka kukaa pale mbele. Mtu akija yuko mbali na kwao, anaumwa, neno lake la kwanza likute mtu wa kulielewa."